Pilista wa Wimbo wa Nne

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa dogo, na ndiyo maana lilinishinda. Swali kubwa huwa na mahali pa kulishika. Hili lilikuwa hivi: msikilizaji akituma maneno kumi na mawili, yakasomwa hewani, halafu maneno hayo yakamharibia mwanamke jina lake sokoni, mwenye kosa ni nani? Ni aliyeyatuma, aliyeyasoma, au aliyeyachagua? Mimi ndiye niliyeyachagua.

Leo nimerudisha ufunguo wa kabati la madaftari. Odhis, mtangazaji wetu wa Jumamosi, ameita jambo hili kustaafu, akaniletea soda na kiti cha plastiki nikalie kama mzee anayeagwa. Nina miaka ishirini na minane. Lakini nimekalia meza ya maoni ya wasikilizaji miaka minne, na kwenye meza ile miaka minne inatosha kumpa mtu macho ya mstaafu. Nawaandikia nyinyi wawili mnaoanza Jumatatu. Habari za mshahara sitazigusa. Mtauona mwisho wa mwezi na mtanyamaza kama sisi tulivyonyamaza. Lakini kwenye faili langu mtakuta barua moja ya onyo. Mtaambiwa mambo mengi kuhusu barua hiyo, na ningependa mpate habari zake kwangu kwanza.

Siku yangu ya kwanza nilipanda kile kilima cha Homa Bay chenye mlingoti wa kituo nikiwa na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya plastiki. Aliyenipokea ni Mama Perez. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, na hapa kituoni ndiye aliyekuwa akipokea maoni tangu enzi za barua. Hakuifungua bahasha.

"Unajua kusoma?" aliniuliza.

"Nina digrii ya mawasiliano, Mama."

"Sijauliza hiyo."

Akanipa simu ya kituo, ile ya vitufe ambayo namba tano yake hubonyezwa kwa ukucha, na daftari lenye safu tatu: nani, wapi, amesema nini. Alinifundisha niandike neno kwa neno, hata kama mtu amechanganya Kiswahili, Dholuo na Kiingereza katika pumzi moja, kwa sababu ukimnyoosha mtu maneno yake unabaki na maoni yako mwenyewe. Alinifundisha kwamba ujumbe ukianza na "mimi si mtu wa kulalamika", nitenge ukurasa mzima. Kwamba anayesifu kila kipindi anatafuta kazi. Kwamba anayetukana kila wiki ndiye msikilizaji mwaminifu kuliko wote, na akikosa kutukana wiki mbili tumpigie tujue kama ni mgonjwa. Tulimpigia mmoja kweli, wa Kendu Bay. Alikuwa mgonjwa. Alishukuru, kisha akatukana.

Kalamu nyekundu niliileta mimi. Safu ya nne pia, ya alama za kuuliza. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikisalimiwa "habari" na mtu anayetabasamu, najiuliza anajua nini ambacho mimi sijui. Nimezaliwa Migori mjini, baba Mjaluo na mama Mkuria aliyenipa jina la Robi, nyumbani tukizungumza Kiswahili ili pasiwe na aliyeshinda. Mtoto wa nyumba kama hiyo hujifunza mapema kusikiliza kilicho nyuma ya maneno. Kwenye meza ya maoni niliona kipaji hicho kimepata kazi. Ujumbe ukiwa mzuri mno, alama nyekundu. Ukifanana na mwingine, alama nyekundu. Mama Perez aliyaangalia madaftari yangu akasema yana surua.

Ndipo ikaja ile albamu.

Vijana wanne wa Migori, wakiongozwa na Mwalimu Ouma anayefundisha hisabati sekondari, walirekodi nyimbo kumi za roki zinazosimulia hadithi moja, wakaiita Shimo la Saba. Kijana wa Mfangano anaacha uvuvi na kwenda Macalder kuchimba dhahabu. Katika wimbo wa nne anapata punje yake ya kwanza, anaipeleka kwenye kibanda cha buluu, na mwanamke anayeitwa Pilista anampimia kwa mizani iliyochezewa. Kijana anatoka na pesa kidogo, anarudi shimoni kutafuta nyingine, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Mkurugenzi wetu aliamua tupige wimbo mmoja kila Jumamosi saa tisa alasiri, tukusanye maoni, na Jumamosi ya mwisho tupige albamu yote bila kukatiza, wanamuziki wakiwa studio. Maoni yalikuwa kazi yangu: mimi nayachagua, Odhis anayasoma.

Jumamosi ya kwanza hakukuja kitu. Saa tisa kimya, saa kumi kimya. Saa moja kasoro jioni, jua linaingia ziwani, simu ikaanza kutetemeka juu ya meza mpaka ikawa inatembea yenyewe. Ujumbe juu ya ujumbe, wote ndani ya dakika chache, karibu wote wa kusifu. Nilijua papo hapo. Mwalimu Ouma amewapanga wanafunzi wake. Nikapiga alama nyekundu ukurasa baada ya ukurasa, na Jumatatu nikampelekea Mama Perez daftari kama polisi anayepeleka kizibiti.

Aliyasoma majina, akavua miwani.

"Hawa ni Wasabato, nyathina, mwanangu. Mimi nawajua nusu yao. Sabato inaisha jua likizama."

"Lakini kipindi ni saa tisa, Mama. Wamesikiaje?"

"Kusikia si dhambi. Kubonyeza simu ndiyo kazi. Redio ya jirani ikiwa juu, utaziba masikio?"

"Na wewe ulisikia?"

"Ukuta wangu ni mwembamba," alisema, akavaa miwani yake.

Mama Perez ni Msabato wa kuzaliwa. Tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni hagusi kazi. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniacha peke yangu siku niliyomhitaji.

Wiki zilizofuata maoni yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Mama mmoja wa Rongo aliuliza gitaa linalia kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta, ni nani amewaudhi vijana hawa? Mvuvi wa Mfangano alisema hadithi imeharibika tangu wimbo wa kwanza, kwa sababu hakuna mvuvi wa huko anayeweza kuondoka na kuacha nyavu zimelowa, na kama kijana ameanza kwa uongo tusimwonee huruma mbele. Mchimbaji wa Macalder alisikiliza wimbo wa tatu akatuonya: "Shimo lenu mmeliimba bila magogo ya kuzuia kuta. Litawaangukia." Hakuwa ameusikia wimbo wa nane, ambamo lilianguka. Katekista mmoja aliomba aambiwe jina kamili la kijana ili amtaje kwenye misa.

Ujumbe ule wa katekista niliucheka. Nikauandika kwenye ukurasa nilioupa kichwa "Hawajaelewa". Ukurasa huo ulikuwa unajaa. Baada ya wimbo wa nne walitaka kujua kitu kimoja tu. Ni Pilista yupi? Wa wapi? Ameolewa wapi? Mmoja alimtaja Pilista wa Rangwe, akajibiwa na mwingine kwamba huyo wa Rangwe anauza nguo, si huyo. Niliona watu wasioijua hadithi ya kubuni, nami mwenye digrii nikawahurumia.

Jumamosi ya wimbo wa tano Odhis alinipigia kioo cha studio, akitaka kitu cha kuchekesha kabla ya matangazo. Nilikuwa na ujumbe mmoja mbele yangu: "Huyo Pilista wa kibanda cha buluu tunamjua. Hata sisi hapa Ndhiwa anatupimia." Mimi, niliyemwekea alama ya kuuliza mtu aliyetutakia Krismasi njema, ujumbe ule sikuuwekea chochote. Ulikuwa mfupi, ulikuwa na mzaha, ulisikika kama mtu halisi anayecheka. Nikaupitisha chini ya kioo. Odhis akausoma kwa sauti yake ile ya kusimulia mpira, akaongeza "aisee, Ndhiwa, mko na kazi", tukaenda kwenye matangazo.

Alhamisi ya wiki ile mwanamke mmoja aliingia ofisini. Alikuwa na umri wa mama yangu, kitambaa kichwani, mfuko wa sisali mkononi. Hakukaa. Alitoa kwenye mfuko gorogoro, ule mkebe wa bati tunaopimia nafaka, uliong'aa mdomoni kwa kusuguliwa na viganja vya miaka mingi, akauweka juu ya daftari langu.

"Pima," alisema.

"Nipime nini, Mama?"

"Chochote mlicho nacho. Mimi ndiye Pilista wa Ndhiwa. Nauza mahindi na maharagwe. Kibanda changu ni cha buluu."

Nilimwambia, nadhani kwa haraka mno, kwamba ule ni wimbo tu, Pilista wa wimbo hayupo, ni mtu wa kubuni, tena ananunua dhahabu, hata nafaka hauzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Na mimi nipo au sipo?"

"Upo, Mama."

"Basi nikuambie mimi ambaye nipo. Tangu Jumapili watu wanakuja kwangu na gorogoro zao. Hakuna anayenitukana. Wananisalimia vizuri, wananiuliza watoto, halafu wanatoa mkebe kwenye mfuko. 'Leo nipimie na hii, mama Otis.' Hata mke wa shemeji yangu. Kanisani mimi ndiye ninayepima mahindi ya sadaka ya mavuno, miaka na miaka. Juzi padre amesema mwaka huu nipumzike, wapo wasichana." Aliugusa mkebe kwa kidole. "Wangenitukana ningejibu. Mtu anayekuletea mkebe wake unamjibu nini?"

Nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniwasha uso. Nilikwenda kwa mama anayetupikia chai, nikaazima gorogoro yake na maharagwe yake ambayo hajayaloweka. Nikajaza mkebe mmoja, nikamimina kwenye mwingine. Ililingana sawasawa, wa Pilista hata ulipokea punje chache zaidi. Na hapo, mbele yake, akili yangu ikasema: mtu anaweza kuwa na mikebe miwili.

Alikuwa ananitazama usoni.

"Unawaza nina mwingine nyumbani," alisema.

Alirudisha gorogoro kwenye mfuko taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto sweta.

"Wewe ni kama wao tu. Tofauti, wewe hukuja na mkebe wako. Umeazima."

Alipoondoka nilibaki na maharagwe ya watu mezani.

Jumamosi hiyo nilikaa na kipindi bila kuchagua utani wowote. Jumatatu nikashuka Migori kumtafuta Mwalimu Ouma. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika maswali kumi na moja, na kichwani nilikuwa na kesi iliyokamilika: kwamba mama yake au shangazi yake aligombana na Pilista juu ya gunia la mahindi, na albamu nzima ni kisasi kilichovalishwa magitaa. Nilimkuta chumba cha walimu akisahihisha mitihani, amevaa kizibao cha sufu, hafanani kabisa na mtu wa roki.

"Pilista? Nilimtunga," alisema. "Nilihitaji jina la silabi tatu. Pi-li-sta. Jaribu Mary uone. Haliingii."

"Na kibanda cha buluu?"

"Buluu ni rangi nzuri kuimba. Inafungua mdomo. Kijani huwezi."

"Kwa nini kibanda? Kwa nini asiwe na duka, au nyumba?"

"Robi, huu ni wimbo, sio hesabu."

"Umewahi kufika Ndhiwa?"

"Nani hajafika Ndhiwa? Nilisoma bweni upande ule. Tulikuwa tunashuka hapo kila muhula, tunangoja gari lingine." Alichukua karatasi nyingine ya mtihani. Akatia alama ya vyema moja, mbili. Halafu kalamu ikasimama. Nilimwona akitazama kitu kisichokuwa mle chumbani. "Tulikuwa tunakaa juu ya masanduku yetu," alisema polepole. "Mbele yetu kulikuwa na ukuta. Umeandikwa kwa rangi nyeupe."

"Umeandikwa nini?"

Uso wake ulikuwa umeanguka kama wa mwanafunzi aliyeona kosa kwenye mstari wa kwanza baada ya kumaliza ukurasa.

Nilirudi kupitia Ndhiwa. Kibanda kipo ukingoni mwa soko, rangi imefifia lakini ni buluu, na ukutani kuna herufi nyeupe ambazo mvua haijazifuta: PILISTA NAFAKA. Nilisimama mbali. Mwanamume mmoja alifika, akasalimia, wakacheka kidogo, kisha akatoa mkebe kwenye mfuko wake wa plastiki. Pilista akapima kwa mkebe ule. Hakuinua macho.

Kwa hiyo wale niliowaandika "Hawajaelewa" walikuwa wameelewa nusu nzima, nami nilikuwa nimeelewa ile nusu nyingine. Uovu ulitungwa. Jina lilitoka ukutani. Hakuna aliyekusudia, na gorogoro ya mwanamke ilikuwa imelala tupu chini ya meza.

Niliandika barua ya kusahihisha, isomwe hewani. Kisha nikaandika nyingine kwa sababu ya kwanza ilitaja Ndhiwa, na waliokuwa hawajui wangejua. Ya tatu haikutaja mahali wala jina, na nilipoisoma sikuelewa inamhusu nani. Zilipita wiki nne na nyimbo nne, ndipo nikazipeleka zote kwa Mkurugenzi. Alizisoma, na ni mtu mwenye akili, sitasema vingine.

"Ukimwosha mtu hewani," alisema, "hata aliyekuwa hajaona uchafu atautafuta. Acha. Albamu inaisha Jumamosi. Baada ya mwezi watu watashika jambo lingine."

"Na mavuno ya kanisani?"

"Robi. Kituo hiki hakisimamishi kipindi kwa ajili ya mkebe."

Nilidhani huenda ana haki. Hilo ndilo tatizo la watu wa aina yangu. Tunamwelewa kila mtu mpaka tunakosa pa kusimama. Nikampelekea Mama Perez barua zangu tatu. Alikuwa ananyoosha madaftari ya zamani kwenye kabati.

"Hizi ni barua za kanisa," alisema. "Nani atazisikia? Watu wamemsikia Pilista ndani ya wimbo. Wewe unataka kumtoa kwa tangazo."

"Nifanyeje basi?"

"Hujawahi kwenda kwenye ngoma za huku, eh? Baba yako alikulea vibaya." Alikaa juu ya kreti la soda. "Kwa muziki wa kwetu, jina likiimbwa, mwenyewe yupo. Ni rafiki wa mpiga gitaa, ama ni mgeni wa heshima, ama amekufa wanamlilia. Hakuna anayetunga mtu. Ndiyo maana watu wanakuuliza Pilista yupi. Wewe umewaandika wajinga."

"Niliandika hawajaelewa."

"Ndiyo hivyo hivyo. Sasa, mtu akisikia jina lake, hangoji wimbo uishe aende kuandika barua. Anasimamisha wimbo. Katikati. Wanamuziki wanashusha mikono, gitaa moja linabaki chini chini, yeye anasema: mimi ni fulani, mtoto wa fulani, nimefanya hiki na hiki. Anajisifu mpaka atosheke. Tunaita pakruok. Akimaliza, anawaambia endeleeni."

"Mama, wewe Msabato umeyajulia wapi haya ya ngoma?"

"Nimekuambia ukuta wangu ni mwembamba," alisema. "Tangu nikiwa msichana." Akanirudishia barua zangu. Juu ya daftari langu lililokuwa wazi aliweka kidole kwenye safu ya nne, ile nyekundu. "Na hii. Siku moja uandike kitu bila hii."

Nilifikiria siku mbili. Wimbo uliorekodiwa hauna mikono ya kushusha. Mkurugenzi amesema albamu ipigwe bila kukatiza. Pilista hana sababu ya kuniamini. Akija na akakosea maneno, nitakuwa nimemuua mara mbili. Akija na mkebe wa pili upo kweli nyumbani kwake, nitakuwa nimedanganya eneo zima. Hilo la mwisho nililigeuza sana, mpaka nikaona ninaligeuza kwa raha, kama mtu anayekuna upele, na kwamba nikiendelea kungoja niwe na hakika ya moyo wa mtu, ningengoja mpaka kibanda kifungwe. Nilikuwa nimepima. Mkebe ulilingana. Kilichobaki hakikuwa ushahidi, kilikuwa tabia yangu.

Ijumaa nikaenda Ndhiwa. Nilinunua gorogoro mbili za maharagwe.

"Nipimie na yako," nilimwambia.

Alinitazama, akatoa mkebe chini ya meza, akaupuliza vumbi. Alipima mpaka pakawa na kilima juu, halafu akaongeza kidogo. Ndipo nikamwambia nilichokuja kumwomba.

"Nisimame ndani ya wimbo wao?" aliuliza.

"Ndani yake kabisa, Mama. Mahali pale wanapokutaja."

"Na huyo aliyeniimba atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Nitavaa kitambaa kizuri," alisema.

Jumamosi Mama Perez hakuwepo, kama kawaida. Mwalimu Ouma na wenzake walikaa kwenye benchi la wageni, gitaa lake likiwa magotini kwa sababu Odhis alitaka aonyeshe jinsi anavyopata ile sauti ya mashine ya kusaga. Pilista aliingia wimbo wa pili ukiendelea, nikamkalisha mbele ya kipaza sauti cha pili. Alimtazama Ouma. Ouma alisimama, akamwamkia kwa mikono miwili, akashindwa kusema alichokuwa amekiandaa, akakaa.

"Huyu ni nani?" Odhis alininong'oneza.

"Pilista."

"Wa Ndhiwa? Robi, bosi anasikiliza nyumbani. Amesema tusikatize."

"Najua alichosema."

"Wewe huwa unafikiria mpaka unachoma waya. Hili umelifikiria?"

"Nimemaliza," nilisema. Sidhani nilikuwa nimewahi kulisema neno hilo.

Odhis aliondoa mikono yake mezani, akaikunja kifuani. Wimbo wa tatu ukaisha, wa nne ukaanza. Mnaujua: gitaa linapiga peke yake, kijana anatembea sokoni na punje yake ndani ya kiberiti, ngoma zinaingia, kibanda cha buluu kinaonekana. Nilisogea kwenye kompyuta ya studio na kuweka kidole kwenye kitufe kile kirefu cha chini, kinachosimamisha wimbo na kuuendeleza. Nilisikia jina lake likiimbwa. Nikabonyeza.

Hewa ikawa tupu. Anayefanya kazi redioni anajua kimya hicho. Pilista hakuharakisha. Aliweka gorogoro yake mbele ya kipaza sauti, na ule mlio mdogo wa bati juu ya mbao ukaenda Homa Bay yote na Migori yote.

"Simamisha hapo," alisema. "Mimi ndiye Pilista. Mtoto wa Dorsila, aliyebeba mahindi kichwani mpaka soko la Ndhiwa kabla barabara haijaijua lami. Kibanda changu ni buluu kwa sababu ndiyo rangi iliyobaki dukani siku hiyo. Dhahabu sijawahi kuishika, hata ya masikio."

Ouma alikuwa ameshika gitaa. Bila kuambiwa alianza kupiga nyuzi mbili, taratibu, chini ya maneno yake, kama wanavyofanya kwenye ngoma mtu akijisifu, ili asisimame peke yake.

"Mimi ndiye ninayepima mpaka kuwe na kilima, halafu naongeza kiganja cha mtoto. Mama mwenye watoto wanne anajua ni nani aliyempimia mwaka wa ukame. Aliye na gorogoro yake aje nayo, simkatazi, tuweke mbili pamoja na tupime mbele ya watu. Na yule Pilista wa wimbo, mwambieni aje Ndhiwa na mizani yake. Tupime naye."

Simu ya kituo ilianza kutembea juu ya meza. Niliiacha itembee. Nilikuwa nimefungua daftari, nikiandika neno kwa neno: nani, wapi, amesema nini. Safu ya nne niliiacha nyeupe.

Pilista aliirudisha gorogoro mapajani, akanigeukia.

"Haya," alisema. "Endeleeni."

Nikabonyeza tena.